Kivuli cha Mwembe na Santuri za Mjomba

Wazo lilikuwa la Mjomba. Ramadhani ikielekea ukingoni alitupigia simu mmoja mmoja, akasema Idi hii kila mtu aje Ngerengere na albamu moja, ile ambayo haazimishi mtu. Tungezisikiliza zote nyumbani kwa Bibi, kisha Bibi angeamua ipi imeshinda. Masharti yalikuwa mawili: aliyetunga nyimbo awe ndiye anayeziimba, na nyuma yake kuwe na kundi la vyombo vingi vilivyopangwa vikapangika, si mtu na gita lake peke yake.

"Nataka mtu mmoja mwenye neno lake," alisema, "na watu kumi wanaolibeba."

Mama na Mjomba ni Waluguru wa Matombo, na kwa Waluguru ukoo huenda upande wa mama. Mjomba akisema, watoto wa dada yake wanaitika. Lakini katika jambo hili Mjomba alikuwa na upande, na upande wake unajulikana hadi kwa majirani: yeye ni mtu wa Mbaraka Mwinshehe tangu ujana. Ndiyo maana hukumu akapewa Bibi, ambaye kwenye mabishano ya muziki alikuwa hajawahi kusikika akisema lolote zaidi ya "punguzeni sauti".

Mjomba alikuwa gadi wa treni Reli ya Kati, na nyumba yenyewe iko upande wa stesheni ya zamani, kwenye ile njia ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907. Santuri zake alizipata kwa jasho. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki maktaba ya redio, na aliyetaka sahani mkononi aliitafuta Kenya. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, hata njia hiyo ikawa ngumu. Mjomba aliagiza kwa wafanyakazi wenzake, akasubiri, akalipa zaidi ya bei. Kasha la mbao alilozihifadhi lilikaa chini ya kitanda chake, limefunikwa kanga, na watoto wa nyumba hiyo wamekua wakijua kwamba chini ya kitanda hicho mpira ukiingia hautolewi mpaka Mjomba arudi.

Asubuhi ya Idi alilivuta kasha, akainua kanga, na upande mmoja wa kasha ukabaki sakafuni umekuwa unga. Mchwa.

Walikuwa wamepita kwenye ufa wa sakafu wakapanda ndani ya mbao kimyakimya. Kwa bahati plastiki hawaili. Walikuwa wamekula majalada: picha za bendi zimetoboka, jalada moja limebaki na kichwa cha mpiga besi tu, na udongo wao mwekundu umejipaka kwenye mifuko ya karatasi. Mjomba alikaa kitandani akiwa na kanzu yake ya sala, hasemi. Mama ndiye aliyechukua hatua. Alitandika mkeka uani chini ya mwembe, akaleta kitambaa laini na maji kidogo, tukazitoa santuri moja moja, tukazifuta, tukazilaza kivulini zikauke. Kazi ilifanywa vizuri na kwa heshima. Kisha wanaume wakaenda kuswali, wanawake wakarudi jikoni kwenye pilau, na wageni wakaanza kuingia.

Shangazi aliteremka kwenye Coaster kutoka Morogoro mjini, mkoba begani, na kabla hajaitikia shikamoo zetu alishauliza mashine ya santuri imewekwa wapi. Yeye ni wa Cuban Marimba, na kwao hilo ni jambo la mtaa na la damu. Wakati wa ujana wake Morogoro ilikuwa na bendi mbili kubwa, Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944 na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na mji uligawanyika kama unavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Kaka yetu, mtoto wa mama mkubwa, alishuka stesheni ya SGR akitokea Dar es Salaam na CD moja ndani ya bahasha. Amekulia Sinza, karibu na kituo ambacho makondakta wanakiita kwa Remmy, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza amebeba nini. Mdogo wetu anayesoma Sokoine alikuja na simu na kispika cha kuchaji. Mama alikuwa na yake tayari. Mimi nilikabidhiwa mitambo.

Pilau ilipakuliwa. Tulikula ndani kwa sababu ya jua. Masika yalikuwa yamesuasua mwaka huo, na Ngerengere bila mvua ni tanuri. Maongezi yakawa marefu, kama yanavyokuwa siku ya Idi. Na muda wote huo kivuli cha mwembe kilikuwa kinahama.

Aliyeona kwanza ni mtoto mdogo aliyetoka kunawa. Alirudi ndani akasema, "Sahani za Babu zimekuwa bakuli."

Tulitoka wote. Jua lilikuwa limeufikia mkeka kuanzia pembe moja, likazipita santuri kwa zamu. Zile za mwisho zilikuwa salama. Za katikati zilikuwa zimepinda ukingo kidogo. Tatu za mwanzo zilikuwa zimejikunja zikasimama kingo, na mojawapo ilikuwa ile Mjomba aliyoichagua kwa ajili ya jioni: santuri ya mfululizo wa Ukumbusho, uliotolewa Nairobi na Polydor baada ya kifo cha Mbaraka. Mjomba aliichuchumalia. Aliishika kwa viganja viwili kwenye kingo, akaiinua kwenye usawa wa macho, akaiangalia ilivyopanda na kushuka. Uani kwote hakuna aliyepumua kwa sauti.

"Kivuli kilikuwa hapa," Mama alisema.

"Najua, dada," Mjomba akajibu. "Kivuli hakina kosa."

Kaka wa Sinza alikuwa na maarifa. Alisema santuri iliyopindwa na joto hunyooshwa na joto: unaiweka katikati ya vioo viwili safi, unairudisha juani ilainike taratibu, kisha unaipeleka mahali pa baridi ikiwa imebanwa na mzigo. Vioo vikubwa vya kutosha nyumba nzima vilikuwa viwili tu, na vyote vilikuwa milango ya kabati la vyombo la Bibi, lile lenye vikombe vya maua ambavyo havijawahi kunywewa chai. Bibi aliombwa ruhusa kwa adabu zote. Alifikiri, akasema, "Chukueni. Lakini mnavyoviona viwili, ndivyo nitakavyovihesabu."

Tulivitelezesha nje ya reli zake, tukavifuta, tukailaza Ukumbusho katikati, tukaviweka kwenye kibaraza penye jua. Mjomba alikaa pembeni kwenye kigoda, anagusa kioo kwa kidole kila baada ya muda kama mtu anayepima homa ya mtoto. Plastiki ilipoanza kulegea, ukaiona inashuka yenyewe, ikalala. Kaka na mimi tukainua vioo kwa pamoja, tukaingia ndani, tukaviweka sebuleni sakafuni, mahali palipo na ubaridi. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Kioo cha chini kilikuwa cha moto na saruji ilikuwa na maji ya baridi. Kilitoa sauti moja kavu, ufa ukakimbia kutoka pembe hadi pembe.

Bibi alikuwa chumbani kwake. Alisema kutoka humo humo, "Kimoja."

Tukachukua kigae kilichobaki wakati wa kujenga kibaraza, tukakiweka badala ya kioo kilichopasuka, tukapachika juu magazeti na gunia la mchele, tukaacha. Usiku ulikuwa bado mbali. Mjomba akasema tuanze na za wengine.

Shangazi alianza, na alianza na kaseti. Mjomba alipinga papo hapo: kaseti ile si albamu, ni nyimbo alizozinasa mwenyewe kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, enzi ya vipindi vya zilipendwa. Ni kweli, na unazisikia: katikati ya wimbo wa tatu jogoo wa jirani anawika, na mwisho wa upande wa kwanza mtangazaji anaanza kusoma salamu za wasikilizaji anakatwa. Mimi naipenda kaseti hiyo kupita kiasi. Vizazi viwili vya Watanzania vimezijua nyimbo zao bora kwa njia hiyo hiyo, na jogoo wa mwaka ule ameingia kwenye kumbukumbu pamoja na vijiti na manyanga. Lakini Shangazi hakuja kubishana. Alifungua mkoba, akatoa CD ya Ngoma Iko Huku, mkusanyo wa nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba za kati ya 1955 na 1965 uliotolewa Ujerumani na Dizim, akaniwekea mkononi bila neno.

Wanaomjua Salum Abdallah wanajua alivyochomwa na muziki wa Kuba akiwa kijana, kutokana na zile santuri za HMV zilizoanza na herufi GV, ambazo meli zilizileta Afrika kuanzia miaka ya 1930. Morogoro wanasimulia kwamba alitoroka nyumbani kwenda kutafuta meli ya Kuba, akaishia Mombasa. Alirudi, mwaka 1948 akaunda kundi la La Paloma, na humo ndimo ilimotoka Cuban Marimba. Ukiisikiliza CD ile nzima unaona kitu ambacho nyimbo moja moja hazikuonyeshi: jinsi alivyoivunja rumba ya watu wengine akaijenga upya kwa ajili ya Kiswahili. Kiswahili kinapenda kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Salum hakulazimisha mkazo huo uifuate ngoma. Aliisogeza ngoma ikaufuata. Sauti zinakwenda mbili mbili, gita linajibu kwa maneno machache, vijiti havichoki. Hakuna chombo kinachoingia pasipokuwa na nafasi. Alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, hata kabla kikundi chake hakijaingia katika zama za vifaa vikubwa vya studio, na Juma Kilaza akaishika bendi.

"Sikiliza hapo," Shangazi alisema, akanyoosha kidole hewani. "Hapo alipoacha kuimba. Wewe unafikiri wimbo umeisha. Sikiliza."

Nyimbo zake zina vituo hivyo. Mtunzi anayejiamini huwaachia wenzake sehemu iliyo tamu zaidi.

Mama akaja na Culture Musical Club ya Vuga, Unguja, kundi la mwaka 1958, CD ya Spices of Zanzibar iliyotoka 1996. Kama ni vyombo vingi vilivyopangwa, Afrika Mashariki nzima haina kinachoshinda taarabu ya ukumbi: safu ya fidla, ganuni, udi, nai, kodiani, besi lile kubwa la kusimama, dumbaki. Fidla zinapanda zote kwa pamoja kabla ya mwimbaji kufungua mdomo, na unajua kwamba utungo umeshaanza kuelezwa. Mama aliwahi kukaa Unguja ujanani na hajaacha kuzisikia.

Mjomba alisubiri wimbo wa kwanza uishe, akauliza kwa upole, "Dada, huyu anayeimba, ndiye aliyetunga?"

Na hapo pakawaka. Kwa sababu katika taarabu ya vikundi mara nyingi shairi ni la mtu mmoja, sauti ya muziki ni ya mwingine, na anayeimba ni wa tatu, na hiyo ndiyo heshima yake, kazi imepita mikono mitatu ya watu waliobobea. Mama alisema sharti la Mjomba limetungwa na mtu wa dansi kwa ajili ya watu wa dansi. Alisema Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, sauti ya kwanza ya mwambao kutoka kwenye santuri, naye alizungukwa na watunzi na wapigaji, je, naye si kitu? Shangazi, ambaye ni wifi yake na hawakubaliani hata kuhusu chumvi, akamuunga mkono. Mimi naona Mama alikuwa na haki. Tunapompenda mtunzi anayeimba mwenyewe tunapenda kusikia mtu mmoja akituamini na siri yake. Lakini fidla zile hazina siri ya mtu. Zina siri ya mji, na mji nao hutunga.

Mjadala ulikuwa umepamba moto hivyo umeme ulipokatika.

Giza la Ngerengere ni zito, na mbali kidogo unaona taa za treni ya mwendokasi zikipita kwa kasi kama zina ugomvi na mtu. Bibi aliagiza taa ya sola. Mashine ya santuri ilikuwa haina maana bila umeme, jambo ambalo Mjomba alilipokea vizuri: muda zaidi chini ya gunia. Redio kaseti ilikuwa na betri kubwa sita. Kaka akatoa bahasha.

Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila ilirekodiwa Uingereza katika studio za Real World, ikatoka mwaka 1989. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akakaa, akawa wetu hadi alipofariki Desemba 2010. Watu wanamkumbuka kwa maneno: mnyonge, kifo, tajiri na maskini, mambo ambayo wengine waliyasema pembeni yeye aliyasema kwenye maikrofoni. Kaka alituambia tuyaache maneno kwa dakika kumi. "Yasahauni. Sikilizeni magita yanavyopeana zamu."

Alisema kweli. Katika studio ile kila gita lina chumba chake; linalotekenya juu haliligusi linalotembea katikati, na saksafoni inaingia kama jirani anayepiga hodi, anasubiri kuitikiwa, ndipo anaingia. Nimeisikiliza albamu hii miaka mingi kwenye baa, kwenye daladala, kwenye spika mbovu, na sijawahi kuisikia kama nilivyoisikia gizani, betri zikiwa mpya na watu wanane wamenyamaza. Kaka alitaja pia jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha ubishi wote. Bendi zetu za zamani hazikutengeneza albamu. Zilitengeneza santuri ndogo, wimbo mmoja umekatwa katikati, upande wa kwanza mashairi, upande wa pili mchezo wenyewe, pale magita yanapoachiwa. Zile tunazoziita albamu za Salum na Mbaraka zimekusanywa na watu wengine, wenyewe wakiwa wameshazikwa. Remmy peke yake, kati ya wote waliokuwa mbele yetu usiku ule, aliingia studio akijua nyimbo hizi zitakaa pamoja, ipi ifuate ipi.

Mjomba hakupenda. Alisema maiti hana kosa kwa kuwa amekusanyiwa nyimbo.

Mdogo wetu akaomba nafasi yake. Alituwekea Mwingereza, Nick Drake, albamu ya Five Leaves Left ya mwaka 1969. Shangazi aliguna. Lakini kijana alieleza vizuri: Drake aliandika na kuimba mwenyewe, rafiki yake wa chuo Cambridge, Robert Kirby, akampangia fidla kwa nyimbo kadhaa, santuri zake hazikununuliwa, akafariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26, na umaarufu wake umekuja baada ya hapo, mkono kwa mkono, watu wakipeana kama dawa. Sauti ikatoka kwenye kispika kidogo, nyembamba, na fidla zikaingia chini yake. Mama aliinua kichwa. Bibi naye alisogea mbele.

"Huyu mtoto anaimba kama anayeogopa kumwamsha mtu," Bibi alisema. "Lakini hao wenye fidla wanamjua. Wanamfuata polepole."

Hadi dakika ile, hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu zaidi niliyowahi kumsikia Bibi akisema juu ya muziki. Mdogo wetu alifurahi hadi akasahau kwamba yupo kwenye mashindano.

Umeme ulirudi usiku umekwenda. Tuliinua gunia, magazeti, kioo. Ukumbusho ilikuwa imelala. Haikunyooka kabisa, ukiizungusha bado ukingo ulikuwa na wimbi moja refu, lakini iliingia kwenye mashine bila kugusa mkono wa sindano. Mjomba aliiweka mwenyewe. Alituambia, kabla ya kuiteremsha sindano, mambo tunayoyajua na bado tukayataka: kwamba Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa 1944, akasoma Mzumbe, akaiacha shule kwa ajili ya gita, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, kwamba bendi ilikwenda Osaka, Japani, kwenye Expo ya mwaka 1970, kwamba 1973 alitoka akaunda Super Volcano, na kwamba Januari 1979 alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa, ng'ambo ya mpaka uliofungwa, akiwa na miaka 34.

Wimbo wa kwanza ulipita. Sindano ilipanda na kushuka kama mtumbwi, sauti ikayumba kidogo kwenye nyuzi za juu, lakini ulipita. Kwenye wa pili, Mbaraka alipokwisha kuimba na magita yakaachiwa, sindano ilifika kwenye wimbi, ikaruka, ikarudi nyuma. Vipimo vile vile. Ikaruka tena, ikarudi.

Nilinyoosha mkono niisukume. Mjomba akanizuia.

Tulikaa tukasikiliza kipande kile kikijirudia. Mara za mwanzo unasikia solo tu, kwa sababu solo ni Mbaraka, na kila mtu amezoea kumfuata Mbaraka. Kisha sikio linachoka na solo, linashuka. Ukasikia sekondi solo chini yake ikipiga maneno yake tofauti kabisa, mafupi, yanayoanza pale solo inapovuta pumzi. Ukashuka tena, rithim, ambayo siku zote ulidhani inakwangua tu, kumbe inakata kipigo kimoja katika kila vinne kwa makusudi ili besi ipite. Na besi inapita hapo hapo, kila mara, kwenye tundu lile ililowekewa. Shangazi, mtu wa Cuban Marimba, alianza kutikisa kichwa. "Kumbe," alisema. "Kumbe yule wa pili."

Mambo haya yalipangwa na vijana ambao wengi wao hawakusoma nota, mazoezini, mchana, ukumbini kwenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Kirby alimwandikia Drake fidla kwenye karatasi. Huku mpangilio uliandikwa kwenye vidole na ukahamishwa kwa kidole hadi kidole. Tunawataja watunzi kwa mashairi yao, na mashairi yanastahili, lakini mashairi ya Mbaraka yamefika leo yakiwa yamebebwa na watu ambao majina yao hayapo hata kwenye jalada, na jalada lenyewe mchwa wamekula. Ningekuwa hakimu, ningempa Mbaraka kwa kile kipande peke yake, na ningempa yule wa sekondi solo nusu ya ushindi.

Hakimu hakuwa mimi. Bibi alisubiri niinue sindano, akakohoa, akasema ameshaamua tangu giza lilipoingia. Alimpa Remmy.

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga.

"Salum nilimwona," Bibi alisema, "na Mbaraka nilimwona. Wote wawili walipiga kuliko huyu. Lakini zao zimeokotwa na watu wakaziweka pamoja, wenyewe hawakuziona zilivyokaa. Huyu Mkongo alizipanga mwenyewe akaziona. Mmesema mnataka albamu. Basi hiyo ndiyo albamu."

Hakuna aliyeweza kulijibu hilo usiku ule, ingawa Shangazi alijaribu hadi chai ya mwisho. Mama alisema hukumu ni sahihi na masharti ni mabaya. Kaka wa Sinza alikuwa anapokea pongezi aliposikia sehemu ya pili ya hukumu: mshindi ndiye atakayelipa kioo cha kabati.

Alikilipa. Fundi wa Morogoro alikikata vizuri, ila ni kinene kuliko cha zamani na hakitelezi kwenye reli yake mpaka ukiinue kwa mikono miwili. Mjomba ameshatengeneza kasha jipya, la bati, na ameipeleka Ukumbusho kwa mtu mwingine mjini anayedai anaweza kuliondoa lile wimbi. Shangazi anamkataza. Anasema kipande kile kikitengenezwa, yeye Idi ijayo haji.